Fisi Maji na Udongo wa Nyalikungu

Sisi watu wa visiwani tumelirithi jina la fisi maji pasipo kumjua mwenye jina. Fisi wa ngano zetu ni mlafi na mpumbavu. Huyu wa ziwani hana nasaba naye. Yeye ni wa ukoo wa nyegere na kicheche, mwenye vidole vya utando na madoa meupe kooni. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1835, kwa kalamu ya Mjerumani Hinrich Lichtenstein. Riziki yake i machoni: humwona samaki kwanza, kisha humfukuza. Maji yakichafuka, njaa humwingia.

Kisa chake, basi, hakianzii ziwani. Huanzia bara, katika nchi kama ya Nyalikungu, makao makuu ya Wilaya ya Maswa. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria, akaudhania Mto Simiyu kuwa ndio chimbuko la mbali la Naili. Wageni wa zama zile walishindana kujua maji yatoka wapi. Yamebeba nini, hawakuuliza.

Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahimiza Wasukuma kufyeka vichaka ili mbung'o aondoke. Ng'ombe wakapata malisho, na baada ya Vita Kuu ya Pili pamba ikatanda. Hakuna wa kumlaumu mkulima: alitafuta uhai. Lakini ardhi iliyovuliwa nguo haizuii mvua. Udongo huteremka na Simiyu mpaka Ghuba ya Speke, na mto huingia ziwani ukiwa na rangi ya shamba.

Huko fisi maji alikuwa na msiba wa pili. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, aliwala furu, chakula cha fisi maji tangu zamani. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Leo makimbilio yake mashuhuri ni Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Historia nayo ni hivyo hivyo: jembe likiinuliwa Maswa, mnyama asiyeijua Maswa hufumbwa macho. Anayetaka kumwokoa, na aanze kwa kupanda miti kandokando ya mito ya bara.