Tukiwapa Wote Kilo Sawa

Baba yangu mdogo alipigana uzani wa unyoya, kilo 57, na hadi leo haniruhusu niseme Muhammad Ali ndiye bondia bora wa nyakati zote. "Ali alikuwa mkubwa," huniambia. "Mkubwa na bora ni vitu viwili, kijana." Mimi niliyelelewa na hadithi za Kinshasa nilidhani huo ni wivu wa watu wadogo. Tumebishana miaka mingi, mara nyingi kwa kinyozi mmoja hapa Nakuru ambaye nashuku hunyoa polepole makusudi ili mabishano yasiishe.

Ukiondoa mizani, swali halina utamu. Mtu wa kilo 100 anayejua ngumi atampiga wa kilo 57 anayejua ngumi, tuende nyumbani. Ndiyo maana mashabiki wa Marekani waliuliza kwa njia nyingine: tukiwapa wote kilo sawa, nani atabaki amesimama? Kipimo hicho kilishikana na jina la Sugar Ray Robinson. Joe Louis alikuwa na taji la uzani mzito, hakuna aliyebisha, lakini watu waliona kwamba fundi hasa ni yule mwembamba wa welter, na hawakuwa na namna ya kumweka ulingoni na Louis ili wahakikishe.

Robinson ndiye namba moja wangu, na hapo baba mdogo hanipingi. Kati ya Februari 1943 na Julai 1951 hakushindwa pigano hata moja. Miaka minane, bwana, katika enzi ambayo bondia angeweza kupanda ulingoni mara mbili kwa mwezi. Huyo aliyemshinda mwaka 1943 ni Jake LaMotta, aliyemzidi kwa kilo saba hivi siku hiyo. Walikutana mara sita na Robinson akashinda tano. Akachukua taji la welter, kisha la uzani wa kati mara tano.

Lakini pigano lake ninalolipenda ni alilopoteza. Juni 1952, Yankee Stadium, anamtafuta Joey Maxim, bingwa wa uzani mzito mwepesi. Joto lilikuwa kali hivi kwamba refa mwenyewe alishindwa, akabadilishwa baada ya raundi ya 10. Robinson alikuwa akiongoza kwa pointi. Baada ya raundi ya 13 hakuweza kuinuka kutoka kwenye kiti chake. Maxim, aliyekuwa mzito zaidi na hakukimbia-kimbia sana, akabaki na mkanda. Kwa hiyo hata mwenye kipimo chake alikuja kudaiwa zile kilo.

Wa pili namweka Henry Armstrong. Kati ya Oktoba 1937 na Agosti 1938 alichukua mataji ya unyoya, welter na uzani mwepesi, akayashika yote matatu kwa wakati mmoja. Zamani hizo uzani ulikuwa minane tu na kila mmoja ulikuwa na bingwa anayetambuliwa na karibu kila mtu. Siku hizi uzani ni 17 na mashirika makubwa manne, kila moja na mkanda wake. Simdharau Manny Pacquiao, aliyeshinda mataji katika uzani minane tofauti, kazi ya ajabu kwa mtu aliyeanza akiwa mdogo kama kifaranga. Nasema tu kwamba Armstrong alikuwa na milango michache ya kupitia.

Harry Greb ananisumbua. Ndiye pekee aliyewahi kumshinda Gene Tunney, mwaka 1922, na Tunney huyo ndiye aliyekuja kumvua Jack Dempsey taji la uzani mzito. Greb alipigana karibu mara 300, miaka mingi akiwa haoni kwa jicho moja. Hakuna filamu ya pigano lake hata moja iliyobaki. Nitamweka wapi mtu ambaye sijamwona? Nikamweka wa tatu, Ali wa nne, na duka lote likanigeuka. Mteja aliyekuwa na povu kichwani akadai arudishiwe pesa, ati hawezi kunyolewa na watu wa aina hii.

Baba mdogo hakucheka. Aliuliza swali moja: "Na Waruinge?"

Nikasema Philip Waruinge hakuwahi kushinda dhahabu ya Olimpiki. Ni kweli. Mexico 1968 alitolewa nusu fainali na Antonio Roldán, mwenyeji, akapata shaba. Munich 1972 akapata fedha. Lakini kule Mexico walimpa kombe la Val Barker, linalopewa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki, wa uzani wowote. Dhahabu ya uzani mzito mwaka huo ilichukuliwa na George Foreman, yule aliyekuja kuangushwa na Ali Kinshasa. Majaji waliwatazama wote, kuanzia wale wepesi kabisa hadi Foreman, wakamchagua Mkenya wa kilo 57 mwenye shaba.

"Hilo ndilo swali lako," akasema. "Lishajibiwa mara moja, na ulikuwa hujazaliwa."

Nikataka kumtaja Robert Wangila, dhahabu ya Seoul 1988, welter, Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya ngumi ya Olimpiki. Nikajizuia. Wangila aliingia ngumi za kulipwa, na Julai 1994 akafa Las Vegas kutokana na pigano, akiwa na miaka 26. Baba mdogo hajatazama ngumi tangu mwaka huo. Anayoyajua ya baadaye ameyasikia kwa kinyozi. Na siku hizi akiinua kidole ili anikosoe, mkono wake unatetemeka. Yeye husema ni baridi, hata saa saba mchana.

Kwa hiyo niliirudia orodha yangu palepale, kwa sauti. Robinson. Armstrong. Nilipofika wa tatu nikasimama, maana Greb alikuwa tayari amekaa hapo.

"Msukume," akasema baba mdogo. "Haoni jicho moja, hatajua."