Wetu Ulianguka

Ninayo picha moja niliyopigwa studio hapa Kibeta miaka ya tisini, nikiwa kidato cha pili. Nimevaa shati la kuazima, mkono mmoja kiunoni, na nyuma yangu umesimama Mnara wa Eiffel. Ni kitambaa tu kilichochorwa, na ukiangalia vizuri utaona mkunjo unaoukata mguu mmoja wa mnara. Siku ile mkunjo haukunisumbua. Mpiga picha alikuwa na vitambaa vitatu: maporomoko ya maji, gari jekundu, na Paris. Wengi tulichagua Paris.

Nikampelekea babu. Aliishika picha mbali na macho, kama wazee wanavyofanya, akaniuliza kile kidude cha nyuma ni nini. Nikamweleza: mnara wa chuma, uko Ufaransa, watu wanatoka dunia nzima kwenda kuutazama tu. Akanirudishia picha yangu.

"Hata sisi tulikuwa nao, mjukuu wangu. Wetu ulianguka."

Nilicheka, na yeye hakucheka. Basi akanisimulia, kwa kifupi, maana alikuwa anasubiriwa mahali. Alikuwepo mfalme, Rugomora Mahe. Mfalme huyo alitaka kujua mbinguni kukoje. Akawaita wahunzi, wakayeyusha chuma, wakafua, wakapandisha mnara. Ukapanda, ukapanda. Ulipokaribia, mguu mmoja ukadidimia, mnara ukaanguka na watu wakafa. Mahali walipofulia chuma panaitwa Kaiija, na pana mti. Hayo tu. Akachukua fimbo yake akaenda zake.

Kwa kweli sikumwamini. Shuleni tulishafundishwa zama za chuma, na chuma cha mwalimu wetu kilikuwa Meroe, kule Sudan. Hakuna aliyetuambia kwamba chuma kilikuwa pia Maruku, mwendo usiofika hata saa moja kwa pikipiki kutoka darasani.

Miaka mingi baadaye ndipo nikagundua kwamba kuna mtu aliyewaamini wazee kama babu, tena alifanya jambo moja ambalo sisi wajukuu hatukulifikiria: alichukua jembe akachimba pale waliposema. Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani, alifika Buhaya mwishoni mwa miaka ya sitini akiwa bado mwanafunzi. Alikaa na wazee, akasikiliza habari za Rugomora Mahe, ambaye wanahistoria wanakadiria alitawala Kyamutwara katika karne ya 17. Simulizi zikampeleka kijiji cha Katuruka, Maruku, kwenye mti mkubwa ulioitwa Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma.

Angetarajia kukuta masalia ya karne ya 17. Alikuta mambo ya kale zaidi kuliko mfalme mwenyewe. Chini ya eneo lile kulikuwa na mashimo, makaa, mavi ya chuma na vyungu vya zama za mwanzo za chuma, vile ambavyo wataalamu huviita vya Urewe. Makaa yalipopimwa, baadhi ya tarehe zilirudi nyuma hadi karibu mwaka 500 kabla ya Kristo. Wapo wataalamu wanaozitilia shaka hizo za nyuma kabisa. Lakini hata ukiziacha pembeni, bado unabaki na chuma kilichoyeyushwa Buhaya mamia ya miaka kabla ya mfalme yeyote wa ukoo wa Bahinda kuzaliwa.

Hebu tafakari kidogo. Watu walikuwa wamesahau karibu kila kitu kuhusu wahunzi wale wa kwanza: majina yao, lugha yao, walikotoka. Hawakusahau mahali. Kwa vizazi na vizazi mtu alimwonyesha mwanawe mti na kumwambia, hapa palifuliwa chuma. Na kweli palifuliwa.

Mwaka 1976 ikaja sehemu ninayoipenda zaidi. Wazee wa Kihaya waliombwa wajenge tanuru na kuyeyusha chuma kama zamani. Haikuwa kazi ndogo, maana walikuwa hawajaifanya kwa zaidi ya nusu karne. Majembe ya Wazungu yalikuwa yameingia kwa bei rahisi na kuwaondoa wahunzi sokoni. Lakini mikono ilikumbuka. Walichimba shimo, wakalisiliba kwa udongo wa kichuguu, wakachoma majani ya kinamasi na kujaza shimo. Juu yake wakainua tanuru la udongo na mavi ya zamani ya chuma, lenye kimo kisichomzidi mtu. Mabomba manane ya udongo yaliingizwa ndani kuzunguka tanuru, na kwenye kila bomba mtu akakaa na mivukuto yake. Kazi ilienda na nyimbo na miiko. Tanuru lilihesabiwa kama mwanamke mwenye mimba, na chuma ndiye mtoto.

Kilichotoka kilikuwa na kaboni ya kutosha kuitwa chuma cha pua. Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika matokeo yao katika jarida la Science, Septemba 1978. Walidai kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mabomba yale kabla haijafika kwenye makaa, ndiyo maana joto lilipanda kupita kiasi, na kwamba Ulaya haikuifikia mbinu ya namna hiyo hadi karne ya 19. Dai hilo la hewa kupashwa moto lilipingwa na wataalamu wengine, na ubishi wake ni mrefu. Kilicho wazi ni kwamba wazee waliingia kwenye majaribio yale na elimu kichwani, wakatoka na chuma mkononi.

Sasa tazama tarehe. Makala ilitoka Septemba 1978. Mwisho wa Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuishika ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera. Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Huko nje walimwengu walikuwa wanasoma kwamba Wahaya walikuwa mabingwa wa chuma cha kale, huku Wahaya wenyewe wakifunga virago na kukimbia na watoto mgongoni. Mwulize mtu yeyote wa umri ule, Bukoba au Muleba, kuhusu 1978. Atakuambia vita. Sijawahi kukutana na aliyenitajia makala.

Turudi Paris, kwenye kitambaa changu. Mnara wa Eiffel ulimalizika Machi 1889 kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia. Ulikuwa na kimo cha mita 300 hivi, vipande vya chuma zaidi ya 18,000, ribiti milioni mbili na nusu, na chuma tani zipatazo 7,300. Tena chuma chenyewe si cha pua, ni chuma cha kufuliwa. Katika maonyesho hayohayo Waafrika wapatao 400 waliwekwa kwenye kijiji cha maonyesho ili Wazungu wapite wakiwatazama. Mwaka uliofuata, 1890, Emin Pasha akafika kwenye ufuo wetu kwa niaba ya Wajerumani na kuanzisha kituo cha Bukoba. Yaani wakati mnara ule unaanza kuwa ndoto ya wasafiri, sisi huku tulikuwa tunaanza kuingizwa kwenye daftari la watu wasio na historia.

Na unajua nani aliubuni mnara ule? Siyo Eiffel. Michoro ya kwanza ilitengenezwa na wahandisi wawili wa kampuni yake, Maurice Koechlin na Émile Nouguier. Msanifu Stephen Sauvestre akaupamba. Eiffel mwanzoni hakuvutiwa sana, baadaye akanunua haki za ubunifu huo, na jina likabaki lake. Nilipoisoma habari hiyo nikamkumbuka Rugomora Mahe. Mfalme wa karne ya 17 anapewa mnara na mti uliosimama juu ya kazi ya watu waliomtangulia kwa zaidi ya miaka elfu. Schmidt mwenyewe amelieleza jambo hili: Bahinda walipotawala walihitaji heshima ya mahali palipokwisha kuwa patakatifu kwa koo za kale za wahunzi, kwa hiyo wakajiunga na mahali hapo. Huku mwenye kampuni, huku mwenye kiti cha enzi. Aliyevuta mivukuto hatajwi popote.

Kuna kufanana kwingine. Mnara wa Eiffel haukujengwa ili udumu. Kibali chake kilikuwa cha miaka 20, na mwaka 1909 ulipaswa kung'olewa. Hata kabla haujainuka, Februari 1887, wasanii na waandishi wakubwa, Guy de Maupassant akiwemo, walitia saini barua ya kuupinga kwamba utaharibu mji. Kilichouokoa si uzuri wake. Ulipata kazi: jeshi liliona kwamba unafaa kubeba waya za simu ya upepo. Ukabaki kwa sababu ulikuwa na shughuli, na kadiri ulivyobaki ndivyo watu walivyoanza kuupenda.

Mti wa Kaiija nao ulikuwa na kazi. Kazi yake ilikuwa kumfanya mtu asimame, na aliyeongozana naye aulize. Bila swali hakuna simulizi. Kazi hiyo ilihitaji watu wa aina mbili, mwenye kujua na mwenye kuuliza, na Kagera ilipoteza wengi wa pande zote mbili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa hapa kwetu mwaka 1983. Tunapohesabu hasara ya miaka ile tunahesabu makaburi na yatima, na ni haki. Lakini wengi waliozikwa walikuwa na umri wa kati, ndio ambao wangepokea habari kwa wazee na kuzishusha kwa watoto. Daraja likakatika katikati. Babu yangu aliwazika wanawe watatu. Nadhani ndiyo maana alinisimulia mimi, mjukuu mwenye picha ya kitambaa, tena kwa haraka.

Nilikwenda Katuruka nikiwa mtu mzima, babu akiwa amekwisha kufariki. Kijana wa bodaboda aliyenichukua Kibeta aliniuliza nakwenda kumwona nani. Nikamwambia nakwenda kuona mahali. "Pale hakuna kitu, kaka," akasema. "Migomba tu."

Hakukosea sana. Mti mkubwa haupo tena, ulikatwa. Hakuna cha kupanda juu wala cha kupigia picha ukiwa umeweka mkono kiunoni. Kuna nyumba ya msonge iliyojengwa upya, kuna kahawa, kuna migomba, na ardhini, ukiinama, utaona vipande vyeusi, vizito, vyenye vitundu kama mkate ulioungua. Ni mavi ya chuma. Lakini nilichojifunza ni kwamba wanakijiji wenyewe, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, waliamua kupafufua mahali pale. Hawakungoja mradi kutoka mbali. Walikusanya wazee waliobaki, wakaandika wanayoyajua, na wakamwita Schmidt arudi asaidie. Tanzania ina maeneo saba kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na hakuna hata moja lililo Kagera. Hawa hawakungoja orodha.

Sitaki kudanganya mtu kwamba nimeacha kuitamani Paris. Nikipata nauli kesho, nitakwenda, na nitapiga picha nyingine, safari hii bila mkunjo. Ila sidhani tena kwamba tofauti ya mnara ule na wetu ni kwamba mmoja upo na mwingine haupo. Ule wa Paris hupakwa rangi kila baada ya miaka michache, kwa mikono, ili usiliwe na kutu. Yaani nao ungeanguka. Kuna watu wanaolipwa kuuzuia.

Nilipomaliza kuzunguka nilimkuta yule kijana amekaa chini ya mgomba, ameshika kipande cha mavi ya chuma, anakipima uzito kwenye kiganja. Nikamsimulia ya Rugomora Mahe kama nilivyosimuliwa: mfalme, wahunzi, mnara, mguu uliodidimia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Sivyo," akasema. "Bibi yangu alisema haukudidimia, ulivunjika." Kisha akaangalia huku na huku kwenye migomba, kama mtu aliyepitishwa mlangoni pake bila kujua. "Kumbe ni hapa?"