Walikokula Wazee Wetu: Historia Fupi ya Migahawa ya Kigujarati



Katika kitabu hiki cha kumbukumbu wenzetu wameandika juu ya misingi ya hekalu, wafadhili wake na sherehe zake. Sisi, ambao maisha yetu yamepita nyuma ya kaunta ya duka, tumeona tuandike juu ya jambo linaloonekana dogo: katika mji mkubwa, mgeni atapata wapi chakula cha watu wetu kilicho kizuri? Swali hili tunaulizwa na vijana wetu wenyewe, na pia na wageni wanaoshuka Dar es Salaam kwa mara ya kwanza. Jibu lake halimo katika mabango ya barabarani. Limo katika historia.

Wazee wetu walivuka bahari kwa majahazi, wakisukumwa na upepo wa kaskazi, kutoka Kutch, Porbandar na bandari nyingine za Gujarat. Wengi walifikia Unguja kwanza, wengine wakavuka hadi Bagamoyo. Na Wajerumani walipohamishia makao ya serikali yao Dar es Salaam mwaka 1891, biashara ikahamia huko, nao wakaifuata. Wengi wao walikuja wakiwa vijana wasio na wake. Walilala nyuma ya maduka ya matajiri wao, juu ya magunia, na jiko la mama lilikuwa ng'ambo ya bahari. Mtu ambaye dini yake inamkataza nyama, na pengine hata kitunguu na kitunguu saumu, hawezi kula popote tu. Ndipo zikazaliwa nyumba za chakula tulizoziita vishi.

Vishi haikuwa mgahawa kama vijana wanavyoujua leo. Mteja alilipa kwa mwezi. Saa ya chakula ilipofika waliketi safu moja, kila mtu na sinia lake, wakaletewa rotli, dali, wali, mboga na maziwa ya mgando yaliyopigwa na bizari nyembamba. Hapakuwa na orodha ya kuchagulia. Kilichopikwa siku hiyo ndicho kilicholiwa. Mpishi aliitwa maharaj, na mara nyingi alikuwa Mbrahmini. Hakujitangaza kwa rangi wala taa, kwani aliyepika vibaya aliwapoteza walaji wake kabla mwezi haujaisha. Hilo ndilo fundisho la kwanza kwa mwenye kutafuta: chakula kizuri cha watu walio mbali na kwao huzaliwa na haja, si na fahari. Waangalie wanaokula pale kila siku, hasa wale wasio na mtu wa kuwapikia nyumbani.

Fundisho la pili linaonekana Kisutu. Hapo mahekalu na soko ni majirani, na si kwa bahati. Mwenye kutoka kusali asubuhi alipita sokoni kununua bamia, biringani, karela na kotimiri, na aliyekuwa hana jiko alitafuta pa kula palepale. Mgahawa ulioweza kununua mboga mbichi kila alfajiri, ukipikia watu waliojua ladha halisi na waliokuwa wakali juu ya usafi wa jiko, haukuwa na njia ya kudanganya. Tumewaambia wageni wengi: ukifika mji usioujua, tafuta hekalu, kisha tafuta soko, baina ya hayo mawili utakula vizuri.

Lakini sinia la wazee wetu halikubaki kama lilivyotoka Gujarat. Pwani iliingia jikoni. Siku ya Ekadashi nafaka haziliwi, ila viazi na mizizi huruhusiwa kwa wengi wetu; hapo muhogo ukapata nafasi yake, nasi tukauita mogo. Wala si jambo la kushangaza, maana hata sabudana, zile chembe nyeupe tunazopika siku za kufunga, huko India hutengenezwa kwa wanga wa muhogo. Njugu tukaiita jugu. Wenzetu wa pwani nao walichukua kwetu bajia, chapati na achari. Kachori ilikuja na kisa chake. Huko Gujarat kachori ni kidonge cha unga wa ngano kilichojazwa dengu au njegere zenye viungo. Hapa jina hilohilo limehamia kwenye kidonge cha viazi kilichochovywa katika unga wa dengu, ambacho sisi nyumbani tunakiita batata vada. Anayeuliza ni ipi kachori ya kweli anapoteza wakati wake. Zote mbili ni za kweli, kila moja kwa safari yake.

Safari hiyo haikuishia hapa. Mwaka 1971 majumba mengi ya kupangisha yalitaifishwa Tanzania, na mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Wa Kenya walikwisha kuanza kuondoka tangu miaka ya mwisho ya sitini. Familia zikagawanyika, na wengi wakaenda Uingereza. Tulipokwenda kuwatembelea jamaa zetu London kwa mara ya kwanza, tuliingia siku ya pili tu katika mgahawa mmoja wenye jina la Kihindi na pazia za mahameli. Tuliletewa mchuzi mwekundu mtamu ambao mama zetu wasingeutambua. Baadaye tulielewa sababu: migahawa mingi ya Kihindi nchini humo ilianzishwa na watu wa Sylhet, iliyo Bangladesh ya leo, wakawapikia Waingereza kile ambacho Waingereza walikipenda. Si kosa lao. Hawakuwa wakitupikia sisi.

Kesho yake jamaa zetu walitupeleka Ealing Road, Wembley. Tulitembea polepole tukisoma madirisha, mpaka tukaona neno moja lililotufanya tusimame: mogo. Neno la Kiswahili, limekatwa kichwa kwa ulimi wa Kigujarati, limebandikwa kwenye kioo katika baridi ya Uingereza. Hatukuhitaji kuuliza zaidi. Tuliingia, tukaletewa muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, na aliyetuhudumia alipotusikia tukizungumza alituuliza kwa Kiswahili kama mvua zimenyesha kwetu. Basi fundisho la tatu ni hili: tafuta katika chakula alama ya njia waliyopita wapishi wake. Mahali panapoficha safari yake hupikia wapita njia.

Hapa yatupasa kusema jambo ambalo vitabu vya kumbukumbu mara nyingi huliruka. Wakoloni waliugawa mji wetu kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, lakini tusiwatwike wakoloni mzigo wote. Vishi zetu ziliwapokea watu wa jamii moja, pengine wa tabaka moja. Jirani aliyeleta gunia la viazi kwa mlango wa nyuma hakualikwa kuketi katika safu ya mbele. Na jikoni, kando ya maharaj, katika nyumba tulizozijua, alisimama kijana wa Kizaramo au wa Kimakonde akikanda unga, akimenya viazi, akikoroga dali, akitazama na kukumbuka. Maharaj walizeeka, wengine wakarudi India, wengine wakafuata wana wao ng'ambo. Waliobaki wakijua kipimo cha hamira, cha iliki na cha binzari ni wale vijana, ambao leo ni wazee kama sisi. Tukila leo dali yenye ladha ya utotoni mwetu, mara nyingi mkono ulioipika ni wao au wa watoto wao. Kama wasingeikumbuka, tungekuwa tumeipoteza.

Katika ukuta wa hekalu letu majina ya wafadhili yamechongwa kwenye marumaru, na ni haki yao. Majina ya wapishi hayamo. Tunaiomba kamati, katika mwaka huu wa sherehe, iweke jiwe moja dogo karibu na mlango wa jiko na kuyaandika majina ya waliotulisha, wa jamii zote. Aidha, siku ya chakula cha pamoja, tunaomba safu ya mbele isiwe na mwenyewe. Majirani zetu wa Kisutu na wa mitaa ya jirani, njoni na watoto wenu mketi nasi.

Akija mgeni na kutuuliza wapi mjini hapa kuna chakula kizuri cha Kigujarati, tutafurahi kumjibu: siku hiyo, hapa.