Stesheni za Boston na Sauti za Wenyeji

Stesheni ni mlango wa mtaa. Mlango hutengenezwa na fundi, lakini apitaye kila siku ndiye ajuaye kama kizingiti chake hukwaza. Habari ya mji wa Boston, katika Marekani, yathibitisha neno hili.

Katika miaka ya 1960 serikali ya jimbo la Massachusetts ilikusudia kupitisha barabara kuu katika mitaa ya Roxbury na Jamaica Plain. Nyumba na maduka yalibomolewa, na watu wakahamishwa, kabla barabara yenyewe haijaanza kujengwa. Wenyeji, weusi kwa weupe, walishikamana wakaipinga. Mwaka 1970 Gavana Francis Sargent alisimamisha kazi ile, na mwaka 1972 akaifuta. Mwaka uliofuata sheria mpya ya Marekani iliruhusu fedha za barabara zitumiwe kwa usafiri wa umma mijini. Basi uwanja uliobomolewa ukapata kazi nyingine, yaani reli.

Watu waliozoea kuamuliwa sasa waliitwa kutoa shauri. Kamati za wenyeji ziliundwa kwa ajili ya maeneo ya stesheni, zikakaa na wahandisi juu ya michoro. Reli ya zamani ilikuwa juu ya tuta, nalo lilitenga majirani mfano wa ukuta. Wenyeji walitaka ishushwe, ikashushwa. Mahali pengine ikafunikwa juu, pakawa bustani na viwanja vya kuchezea watoto. Njia mpya, yenye stesheni tisa, ilifunguliwa Mei 1987.

Lakini mizani ina vitanga viwili. Wakati ule ule reli iliyopita juu ya barabara ya Washington, iliyotumika tangu 1901, ilifungwa. Watu wa Dudley, kitovu cha Roxbury, walipoteza treni yao. Waliahidiwa usafiri mwingine usiopungua ule wa kwanza; wakangoja hata mwaka 2002, wakaletewa mabasi, ambayo wengi wao hawakuyakubali kuwa badala ya reli.

Kumwuliza mtu rai yake juu ya mlango wa stesheni ni jambo jema. Jema zaidi ni kumwuliza mapema stesheni iwe wapi, na nani ataondolewa yake. Shauri lisilofika kwa apotezaye ni nusu ya shauri, na kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.