Kaboni ya nchi kavu katika Bahari ya Laptev
Ni mabaki ya mimea na udongo yanayoletwa na mto Lena na mmomonyoko wa pwani zilizoganda, kaskazini mwa Siberia. Wengi hudhani baridi huyahifadhi. Kweli, bakteria wanaoyaozesha hufanya kazi polepole kwenye baridi, na lignini, kijenzi kigumu cha miti, hupatikana katika matope ya sakafu ya bahari. Lakini kilichobaki hakipimi kilichopotea. Chembe za mabaki hayo huvuka sakafu hiyo pana kwa maelfu ya miaka, zikitua na kutibuliwa tena, na muda huo wawatosha hata bakteria wavivu. Ushahidi mzito zaidi ni maji yenyewe: yamejaa kaboni dioksidi itokanayo na uozaji huo, na asidi yake imezidi. Bahari hii si ghala. Sehemu kubwa ya kaboni iliyomomonyoka pwani hurudi hewani.