Sir Richard Turnbull na Uhakiki wa Mhusika Mkoloni

Kila ninaposahihisha insha za tamthilia hukutana na sentensi hii: mkoloni ni katili. Si uongo. Hata hivyo, haimpi mtahiniwa alama nyingi kwa kuwa haielezi ukatili huo unasababishwa na nini, wala kwa nini wakati mwingine hufichwa. Ndiyo maana kabla ya kufundisha Mzalendo Kimathi huwasimulia wanafunzi habari za Sir Richard Turnbull.

Turnbull aliingia Kenya mwaka 1931 akiwa ofisa wa utawala, na miaka mingi alikuwa kaskazini, kwenye nchi ya wafugaji. Vita vya Mau Mau vilimleta Nairobi. Mwaka 1954 alikuwa waziri wa usalama wa ndani na ulinzi, na mwaka uliofuata akawa Katibu Mkuu wa serikali ya koloni. Maelfu ya watu walikuwa kizuizini bila kushtakiwa. Kimathi aliponyongwa tarehe 18 Februari 1957, Turnbull alikuwa angali katika cheo hicho.

Julai 1958 akawa Gavana wa Tanganyika. Hapa ndipo wanafunzi hushangaa. Alimkuta Julius Nyerere ana kesi ya kuwakashifu maofisa wa serikali. Agosti mahakama ikamtoza Nyerere faini, naye akailipa. Turnbull hakuipiga TANU marufuku; alizungumza na kiongozi wake. Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza ikashushwa. Gavana huyo wa zamani akabaki mwaka mmoja zaidi kama Gavana Jenerali.

Je, moyo wake ulikuwa umebadilika? Sidhani. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, walowezi wake hawakuwa na nguvu kama wa Kenya, na TANU ilikuwa imekwisha kuenea vijijini. Kuikandamiza kungekuwa ghali, na gharama ya vita ya namna hiyo Turnbull aliifahamu vizuri.

Anayetilia shaka atazame Aden. Turnbull alikwenda huko kama Kamishna Mkuu mwaka 1965. Septemba mwaka huohuo alisimamisha katiba na kuiondoa serikali ya Abdul Qawi Makkawi. Februari 1966 London ikatangaza kwamba itaondoka bila kubakiza kambi ya kijeshi; watawala wenyeji walioitegemea Uingereza wakaachwa mataani. Mei 1967 Turnbull naye akaondolewa, na Novemba Waingereza wakahama.

Turudi kwa Shaw Henderson katika Mzalendo Kimathi. Mahakamani yeye ndiye hakimu. Selini humjia Kimathi kwa maneno ya kirafiki. Mtahiniwa akiandika kwamba Henderson ni mnafiki, ameanza vyema. Akionyesha kwamba Henderson analazimika kubembeleza kwa sababu wapiganaji wangali msituni, hapo amehakiki.