Kivutio cha familia kando ya Serengeti: kabla ya kamba na ngazi, ardhi kwanza

Mezani wazo huwa tamu: kamba ya kuteleza angani, mlima wa watoto kupanda, uwanja wa kulenga shabaha kwa upinde, familia inashuka kunyoosha miguu baada ya kutwa nzima ndani ya gari. Wilayani Serengeti na Tarime, wazo hilo hufa au huishi kwa swali moja: eneo ni la nani?

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa 1951, mwenye kauli ni TANAPA. Hifadhi ni Urithi wa Dunia tangu 1981, hivyo ujenzi wake hufuatiliwa hadi UNESCO. Barabara ya Mugumu–Loliondo inatosha kuwa somo: mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia isijengwe kwa lami kukatiza hifadhi. Ikiwa serikali yenyewe ilizuiwa, mwenye kamba na mbao zake ajipime.

Manyara wanayo njia ya kutembea juu ya miti, yenye mita 370. Lakini Manyara kuna msitu mnene. Serengeti magharibi ni nyasi na migunga. Ingebidi kusimika nguzo, na nguzo ndizo zinazoharibu mandhari watu waliyoifuata.

Nafasi kubwa iko nje ya hifadhi. Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona inaundwa na vijiji vitano, kikiwamo Robanda, karibu na lango la Ikoma. Huko wageni huweza kutembea kwa miguu na mwongozaji, hata kuzunguka na gari usiku. Ila mkataba si wa kusainiana na mwenyekiti chini ya mti. Ardhi ya kijiji inalindwa na sheria Na. 5 ya 1999, mkutano mkuu wa kijiji una sauti, na NEMC husimamia tathmini ya athari kwa mazingira.

Halafu kuna historia, sehemu ambayo ramani za wawekezaji huiruka. Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme wana majina ya vilima, chemchemi na mahame ya mababu, mengine sasa yako ndani ya hifadhi. Mwanahistoria Jan Bender Shetler aliandika kitabu kizima kuhusu kumbukumbu hizo mwaka 2007. Kilima kizuri kwa watoto kupanda kinaweza kuwa mahali pa matambiko. Wazee waulizwe kabla ya mchora ramani kulipwa.

Ngome ya Ikoma, ya Wajerumani, inavutia pia. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ngome hii ni ya baadaye. Ulinzi wa aina hiyo huhitaji tangazo la waziri. Bila hilo, ukuta wa zamani unaweza kugeuzwa ngazi ya kuchezea.

Upande wa Tarime, nyumbu huvuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba. Ni mto wa kutazama, si wa kuchezea: mamba wanasubiri. Huko pia mipaka ya vijiji na hifadhi imezua migogoro, na mgeni anayeanza kupima ardhi bila kujitambulisha huonekana mnyang'anyi.

Kingine ni tembo. Jioni hutoka kuelekea mashambani, kwa hiyo michezo ya watoto ifungwe jua likiwa bado juu.